Joseph Murumbi: Mzawa wa Bonde la Ufa aliyekusanya vilivyodharauliwa na wengine

Katika vibanda vya mafundi wa Bondeni, mtaa mkongwe wa Nakuru, kifaa kikuukuu hakihesabiwi kuwa kimekufa hadi vipuri vyake vyote viwe vimehamia katika vifaa vingine. Redio za zamani, cherehani, taipureta na kompyuta zilizotupwa na ofisi hufunguliwa, hupanguswa vumbi na kutafutiwa maisha mapya. Fundi hutazama kile kitakachouzwa leo. Mkusanyaji naye hutazama kitu hicho hicho na kujiuliza ni nani atakayekitafuta baada ya miaka hamsini.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 1976 kompyuta ya kwanza ya kampuni ya Apple, iitwayo Apple-1, iliuzwa Marekani kwa dola 666 na senti 66. Zilitengenezwa takriban 200 pekee, na nyingi ziliishia jaani baada ya mashine bora zaidi kuingia madukani. Mnamo 2014, moja kati ya chache zilizosalia na ambayo ingali inafanya kazi ilinunuliwa mnadani na jumba la ukumbusho la Henry Ford kwa dola 905,000. Waliozihifadhi chini ya vitanda na ndani ya mabohari, wakibadilisha vipuri vilivyoungua, walichekwa na majirani kwa muda mrefu kabla ya kuonewa kijicho.

Uraibu wa namna hii huonwa na wengi nchini kuwa jambo la Wazungu wenye pesa na wakati wa kupoteza. Hata hivyo, mkusanyaji mkubwa zaidi aliyewahi kuzaliwa Kenya alitoka papa hapa Bonde la Ufa, na alifikia wadhifa wa makamu wa rais kabla ya kuuacha kwa hiari yake. Hakukusanya mashine. Alikusanya vitabu, stempu, barua, vinyago, nguo na mapambo ya bara zima la Afrika, wakati ambapo wengi wa wananchi wenzake waliviona vitu hivyo kuwa ushamba uliopaswa kusahauliwa. Huyo ni hayati Joseph Anthony Zuzarte Murumbi.

Murumbi alizaliwa Juni 18, 1911 mjini Eldama Ravine, kaskazini-magharibi mwa Nakuru. Leo mji huo ni makao tulivu ya wakulima na wafanyabiashara, lakini wakati huo ulikuwa ungali na sifa ya kituo cha utawala. Kabla ya mwaka 1902, Waingereza walipohamisha eneo hilo kutoka Uganda na kulitia katika himaya ya Afrika Mashariki, Ravine ilikuwa kituo muhimu katika njia ya misafara ya kwenda Ziwa Victoria.

Baba yake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Goa, eneo la India lililokuwa chini ya Wareno. Mama yake alikuwa Mmaasai, binti wa laiboni aliyeitwa Murumbi. Mwaka aliozaliwa ulikuwa mchungu kwa watu wa mama yake. Wamaasai walikuwa tayari wameondolewa katika malisho ya Nakuru na Naivasha kufuatia mkataba wa 1904, ili kuwapisha walowezi. Mwaka 1911 walishurutishwa kutia sahihi mkataba wa pili uliowang'oa Laikipia, ambako walikuwa wameahidiwa kukaa milele. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi yao ilitupwa nje.

Kwa hivyo mtoto huyu alizaliwa kati ya watu walionyang'anywa ardhi na watu walioruhusiwa kufungua duka lakini wasiruhusiwe kumiliki shamba katika nyanda za juu. Sheria ya mkoloni ilikuwa na daraja tatu: Mzungu, Mwasia na Mwafrika. Ilimtaka kila mtu asimame kwenye moja. Murumbi alikuwa na miguu katika daraja mbili.

Akiwa angali mtoto mdogo, baba yake alimpeleka India kusoma. Alilelewa na kusomeshwa katika shule za wamishonari wa Kikatoliki huko Bangalore na Bellary, mbali na mama na mbali na lugha ya mama. Aliporejea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa kijana mwenye elimu nzuri ya Kiingereza, mwenye jina la Kireno, na asiyejua vyema nchi aliyozaliwa. Njia rahisi ilikuwa wazi mbele yake. Angejiandikisha kuwa Mgoa, apate mshahara wa daraja la Mwasia, aingie katika vilabu vyao na kuoa miongoni mwao.

Alichagua njia nyingine. Kadiri miaka ilivyopita alijitambulisha na upande wa mama, na hatimaye akalichukua jina la ukoo wake, Murumbi, ambalo ndilo historia inamjua kwalo. Uamuzi huo ulimgharimu mapato na heshima katika jamii ya wakati ule. Ni vigumu kuuelewa uraibu wake wa baadaye bila kuukumbuka uamuzi huu. Mtu aliyelazimika kuutafuta ukoo wake ukubwani ana sababu ya kuthamini kila kipande cha ushahidi wa ukoo huo.

Alifanya kazi ya ukarani serikalini, kisha mwaka 1941, Waingereza walipowafukuza Waitaliano kutoka Somalia, akaajiriwa katika utawala wa kijeshi huko Mogadishu. Alikaa huko takriban miaka kumi. Aliporudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuta nchi iko katika moto wa siasa.

Hapo ndipo alipokutana na Pio Gama Pinto, kijana mwenye asili ya Goa kama baba yake, aliyekuwa mwanahabari na mpiganiaji uhuru asiyechoka. Urafiki wao ulikuwa wa kufa kuzikana, na maneno hayo, kama itakavyoonekana, yalitimia karibu neno kwa neno. Pinto ndiye aliyemvuta Murumbi katika chama cha Kenya African Union, KAU.

Usiku wa Oktoba 20, 1952 gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na viongozi wa KAU wakakamatwa. Murumbi, ambaye hakuwa na umaarufu mkubwa, alijikuta akikaimu ukatibu mkuu wa chama kilichokuwa kimekatwa kichwa. Yeye na Pinto walishughulikia utetezi wa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, walioshtakiwa Kapenguria. Mawakili walitafutwa kutoka pembe mbalimbali za dunia: D.N. Pritt kutoka Uingereza, H.O. Davies kutoka Nigeria, Diwan Chaman Lall kutoka India, wakisaidiwa na mawakili wa Nairobi. Si kazi ndogo kwa karani wa zamani, katika nchi ambamo askari walikuwa wakivunja milango usiku.

Mwaka 1953 KAU ilipigwa marufuku. Kufikia wakati huo Murumbi alikuwa amekwisha kuondoka nchini kwenda kuieleza dunia yaliyokuwa yakitendeka Kenya. Alipita India na Misri, kisha akatia nanga London. Alikusudia kukaa muda mfupi. Alikaa hadi mwaka 1962.

Uhamishoni hakukuwa na raha. Alifanya kazi katika vuguvugu la kupinga ukoloni lililoongozwa na mbunge Fenner Brockway, kazi yenye sifa nyingi na mshahara kidogo, na baadaye akaajiriwa katika ubalozi wa Morocco, nchi iliyokuwa imejipatia uhuru wake mwaka 1956. Akakutana na Sheila Kaine, Mwingereza aliyekuwa mkutubi, ambaye alikuja kuwa mke wake na mshirika wake katika kukusanya. Mkusanyaji hawezi kuomba mwenzi bora kuliko mkutubi: mmoja ananunua, mwingine anapanga na kuorodhesha.

London ya miaka hiyo ilikuwa ghala la himaya iliyokuwa ikibomoka. Maafisa wa kikoloni waliostaafu walikuwa wakifariki, na warithi wao walikuwa wakiuza vitu vya wazee wao kwa bei ya kutupa. Katika maduka ya vitabu vikuukuu na ya vitu vya kale kulipatikana taarifa za wavumbuzi wa karne ya 19, ramani, kamusi za wamishonari, mikuki, ngao na vinyago vilivyotoka kila pembe ya Afrika. Kwa muuzaji vilikuwa takataka zenye vumbi. Kwa Murumbi vilikuwa mali iliyoibwa, na ambayo sasa ilikuwa ikiuzwa tena mbele ya macho ya mwenye mali.

Akaanza kununua alichoweza kwa mshahara wake mdogo. Hakuwa tajiri aliyekuwa akipamba sebule. Aliona kuwa Waafrika watakapopata bendera zao watahitaji pia ushahidi wa walivyokuwa kabla ya bendera ya mwingine kupandishwa, na kwamba ushahidi huo ulikuwa ukitawanyika kila siku.

Mwaka 1962 alirejea nyumbani na kufanywa mweka hazina wa KANU. Katika uchaguzi wa 1963 alipata kiti cha ubunge Nairobi, akateuliwa waziri wa nchi katika afisi ya waziri mkuu, na Kenya ilipokuwa jamhuri mnamo Desemba 1964 akawa waziri wa mashauri ya kigeni. Yeye ndiye aliyesimamia kuanzishwa kwa balozi nyingi za taifa hilo changa. Popote alipotumwa alirudi na mizigo. Mawaziri wengine walirudi na suti. Yeye alirudi na vitambaa, shanga, vinyago na vitabu. Wafanyabiashara wa vitu vya sanaa katika miji mikuu ya Afrika walimjua kwa jina.

Kisha pigo likaja. Asubuhi ya Februari 24, 1965, Pinto, ambaye wakati huo alikuwa mbunge, alipigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake Westlands, Nairobi, akiwa na bintiye mdogo ndani ya gari. Yalikuwa mauaji ya kwanza ya kisiasa ya Kenya huru. Waliomfahamu Murumbi wanakubaliana kuwa hakuwa mtu yule yule baada ya siku hiyo.

Hata hivyo aliendelea kupanda. Jaramogi Oginga Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais mnamo Aprili 1966, Rais Kenyatta alimteua Murumbi mnamo Mei kuchukua nafasi hiyo. Wengi wangeuza mashamba yao ili kukalia kiti hicho. Murumbi alikikalia kwa miezi michache tu. Kabla ya mwaka huo kumalizika alikuwa amekiacha, na Januari 1967 Daniel arap Moi, mwana mwingine wa Bonde la Ufa, akateuliwa.

Sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa afya. Waandishi wengi wa historia wamelitazama jambo hilo kwa jicho la pili, na wanasema kifo cha Pinto pamoja na tamaa ya ardhi na mali iliyokuwa imewateka viongozi wa wakati huo ndivyo vilivyomchosha. Yote mawili yaweza kuwa kweli. Lililo wazi ni kwamba hakuanzisha chama cha upinzani, hakuitisha mikutano ya wanahabari kumkashifu mtu, wala hakurudi siasani. Alikwenda kuwa mwenyekiti wa kampuni ya sigara ya Rothmans nchini, na wakati wake uliobaki akaupa vitabu na vinyago vyake.

Ni katika kipindi hiki ambapo uraibu uligeuka kuwa kazi ya maisha. Nyumba yake ya Muthaiga ilijaa hadi kuta zikakosa nafasi. Maktaba yake ilifikisha maelfu ya vitabu, vikiwemo zaidi ya 8,000 adimu vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Mkusanyiko wake wa stempu za Afrika ulijulikana na wapenzi wa stempu hata ng'ambo. Kulikuwa na nguo zilizofumwa kwa mkono, vito, silaha, vyombo vya nyumbani, na kazi za wasanii wa kisasa wa Afrika ambao wakati huo hakuna jumba lililokuwa tayari kuwanunulia kazi zao.

Asiyewahi kukusanya kitu hudhani kazi hiyo ni kununua tu. Mwenye kompyuta ya mwaka 1982 anajua kwamba akiiacha kabatini bila kuifungua, vifaa vidogo vya umeme vilivyomo ndani hukauka au kuvuja na kuila ile bodi yenyewe, na plastiki yake hugeuka manjano. Kinyago nacho hutobolewa na wadudu, ngozi hukakamaa, karatasi za karne ya 19 huvunjika kama majani makavu, na katika hali ya hewa ya nchi hii mchwa hawasubiri ruhusa. Kukusanya ni kupigana na uharibifu kila siku, na mara nyingi mkusanyaji hufa kabla ya vita kwisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani kijana aitwaye Alan Donovan, aliyekuwa amefanya kazi Nigeria na kisha kusafiri hadi Turkana, alifanya maonyesho ya vyombo na mapambo ya Waturkana jijini Nairobi. Murumbi alifika, akanunua, na kumtaka arudi Turkana kukusanya zaidi. Hapo ndipo ushirikiano wao ulipoanza. Mnamo 1972 Murumbi, Sheila na Donovan walianzisha African Heritage, duka na jumba la sanaa za bara zima katikati ya jiji la Nairobi.

Jambo hili lilikuwa geni. Hadi hapo vinyago viliuziwa watalii kandokando ya barabara, vikiwa vya aina moja, vilivyochongwa haraka. African Heritage iliweka kazi za Afrika katika mwanga mzuri na kwa bei ya heshima, ikatoa kazi kwa mafundi wengi, ikaandaa maonyesho ya mavazi yaliyozunguka Ulaya na Marekani, na hata ikawa na bendi yake, ambamo mwanamuziki Ayub Ogada alianzia. Jumba hilo lilidumu hadi mwaka 2003.

Lakini mafanikio hayo hayakujibu swali lililomsumbua Murumbi: vitu vyake vingekwenda wapi atakapofariki? Alikuwa amewaona warithi wa maafisa wa London wakiuza kila kitu kwa kilo. Inaelezwa kuwa wanunuzi wa ng'ambo walikuwa tayari kumlipa pesa nyingi kwa mkusanyiko wote, naye akakataa. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya Kenya maktaba, sehemu kubwa ya mkusanyiko wake na nyumba yenyewe ya Muthaiga, kwa maelewano kwamba mahali hapo pangegeuzwa kuwa taasisi ya masomo ya Kiafrika itakayobeba jina lake. Wasomi wangekuja kusoma pale pale vitabu vilipokuwa vimepangwa na Sheila, chini ya miti ya asili aliyoitunza bustanini.

Taasisi hiyo haikujengwa. Vitabu na nyaraka vilichukuliwa na Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, na sehemu ya vitu vya sanaa ikakaa ghalani kwa miaka mingi bila kuonwa na umma. Nyumba ilibomolewa, na kiwanja chake, katika mtaa ambamo ardhi ni ghali kama dhahabu, kikagawanywa.

Ni vigumu kusema ni nani hasa aliyeliua wazo hilo. Serikali ilikuwa imebadilika mwaka 1978 baada ya kifo cha Kenyatta, na miradi iliyoahidiwa na watu wa awali haikuwa na mtetezi. Lakini nyumba haibomoki yenyewe. Mtu fulani alitia sahihi.

Wakati huo Murumbi alikuwa amehamia Intona, shamba lake katika Transmara, nchi ya Wamaasai. Alijenga huko nyumba kubwa yenye vyumba zaidi ya 30 na kuijaza tena vitu, akafuga ng'ombe, na kuishi karibu na watu wa mama yake ambao mkataba wa 1911 ulikuwa umewasukuma kusini. Maradhi ndiyo yaliyomtoa huko. Alipatwa na kiharusi, akalazimika kurudi Nairobi karibu na madaktari.

Katika miaka hiyo ya mwisho wa shughuli zake kulikuwa na kazi nyingine ambayo haitajwi sana, nayo pengine ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa ilikuwa imeanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1965, na Murumbi, ambaye aliwahi kukaimu uenyekiti wake, alifahamu vyema kwamba rafu zake zilikuwa na mapengo. Waingereza walipoondoka mwaka 1963 walichoma baadhi ya majalada na kusafirisha mengine kwa ndege hadi kwao. Yeye, pamoja na wakuu wa hifadhi hiyo na mtaalamu wa nyaraka Anne Thurston, alikuwa miongoni mwa waliosukuma juhudi za kutafuta nyaraka za Kenya zilizokuwa Uingereza. Nakala nyingi zilipatikana. Majalada yenyewe yaliyohamishwa kwa siri hayakupatikana.

Ukweli ulijitokeza miaka 21 baada ya kifo chake. Mnamo 2011, wazee waliowahi kuteswa wakati wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza jijini London, serikali hiyo ilikiri kuwa ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya makoloni yake, yakiwemo ya Kenya, katika jengo la Hanslope Park. Nyaraka hizo zilisaidia kuthibitisha mateso ya kambini. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Wazee wengi waliostahili kuwamo katika orodha hiyo walikuwa wamekwisha kuzikwa. Karatasi zilizodhaniwa kuwa takataka za ofisi ndizo zilizokuwa zimebeba haki yao muda wote huo.

Hapa ndipo wale wanaohifadhi kompyuta za zamani wanapokutana na Murumbi. Tangu miaka ya 1980 sehemu ya kumbukumbu za taasisi nyingi duniani imeandikwa katika disketi na kanda ambazo mashine za leo haziwezi kuzisoma. Anayehifadhi mashine ya kuzisomea, na anayejua kuitengeneza inapokataa kuwaka, anaweza siku moja kuwa ndiye pekee mwenye ufunguo.

Joseph Murumbi alifariki Juni 22, 1990, siku nne baada ya kutimiza miaka 79. Inasimuliwa kuwa muda mfupi kabla ya kifo chake alipelekwa Muthaiga na kuona mahali nyumba yake ilipokuwa, miti yake ikiwa imekatwa. Alikuwa ametaka azikwe karibu na Pinto katika makaburi ya City Park, Nairobi. Kwa kuwa hakukuwa na nafasi ndani ya makaburi, alizikwa katika bustani iliyo nje tu ya ua wake, hatua chache kutoka kwa rafiki yake. Sheila alifariki mwaka 2000 na kuzikwa kando yake.

Hata huko hakuachwa apumzike. Vipande vya City Park vilikuwa vimeanza kumegwa na wanyakuzi wa ardhi, na kulikuwa na hofu kuwa kaburi la makamu wa rais wa zamani lingejikuta ndani ya ua wa mtu. Donovan na wenzake, kupitia Wakfu wa Murumbi, walipigania eneo hilo hadi likageuzwa kuwa bustani ya ukumbusho, ikiwa na sanamu za mawe na chuma za wachongaji wa Afrika Mashariki ambao Murumbi alikuwa amewaunga mkono walipokuwa hawajulikani.

Wakfu huo ulishughulikia pia vitu vilivyosalia. Katika miaka ya 2000 orofa ya chini ya Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, katika lile jengo la zamani la benki kwenye Moi Avenue, ilitengenezwa upya na kufunguliwa kuwa jumba la maonyesho la Murumbi. Mwaka 2013 mkusanyiko mwingine uliokuwa mikononi mwa Sheila ulianza kuonyeshwa katika Nairobi Gallery, afisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa 1913, ambayo husimamiwa na Makavazi ya Kitaifa. Wazee wa Nairobi wanaijua afisi hiyo kama mahali palipoandikishwa vizazi, ndoa na vifo. Mwaka 2015 kumbukumbu za maisha yake, zilizotokana na mazungumzo yaliyorekodiwa na Thurston, zilitolewa kuwa kitabu. Donovan mwenyewe alifariki Desemba 2021, mwezi ule ule Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji.

Mengine nayo yameanza kurudi yenyewe. Mwaka 2006 fimbo za uongozi za Koitalel Samoei, Orkoiyot wa Wanandi aliyeuawa na Waingereza Oktoba 1905, zilirejeshwa kutoka Uingereza na kupokewa kwa shangwe Nandi. Mwaka 2007 vigango vya Wamijikenda vilivyoibwa vilirudishwa kutoka Marekani. Murumbi hakuishi kuziona sherehe hizo, na katika hotuba za siku hizo jina lake halikusikika sana.

Mamia ya watu hupita kila saa mbele ya jengo la nyaraka jijini Nairobi, mkabala na sanamu ya Tom Mboya, wakikimbilia matatu. Wengi hulitumia kama mahali pa kukutania. Ndani, mkono wa kushoto na wa kulia, kuna milango ya Afrika iliyochongwa, viti vya machifu, vinyago na vitambaa alivyovinunua mtu aliyezaliwa Ravine. Ada ya kuingia ni ndogo. Eldama Ravine kwenyewe, ambako yote yalianzia, msafiri anayetoka Nakuru atapita sokoni, atapita hospitalini, na kuendelea na safari yake kuelekea Eldoret au Kabarnet.